Daftari la Wageni na Tanuru la Babu

Nyumba ninayopangisha wageni ina vyumba vitatu, na kila kitanda kina mablanketi mawili. Blanketi la pili niliongeza baada ya mwaka wa kwanza, kwa sababu mtu wa pwani humwambii kwamba Sumbawanga kuna baridi akakuelewa. Anakuja mwezi wa saba na kaptula, anatetemeka siku mbili, siku ya tatu anaanza kuulaumu mji. Nyumba hii niliijenga nilipostaafu ualimu, pembeni kidogo ya mji, mahali ambapo ukifungua dirisha unaona milima ya Mbizi na ng'ombe wa jirani. Wanakuja maharusi, wanakuja watoto wa Kifipa waliozaliwa mbali wanaotaka kuona kwa babu zao, na siku hizi wanakuja hata watu wasio na ndugu huku, ambao wanasema wanazunguka nchi tu.

Swali lao la kwanza huwa ni uchawi. Nawajibu kwamba wachawi wetu wote walishahamia Dar es Salaam kutafuta maisha, kwa hiyo watawakuta huko huko walikotoka. Swali la pili ni la maana zaidi: tule wapi, na twende wapi? Kwa ajili ya swali hilo nilinunua daftari nene la kaunta buku, nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, nikaliweka juu ya meza ya sebuleni.

Niliandika kwamba asubuhi waende kwa yule mama wa karibu na soko anayechemsha chai ya maziwa kwenye sufuria kubwa, wawahi kabla ya saa mbili, kwani mandazi yake hayangoji mtu aliyelala. Ijumaa waende Majengo. Kuna familia moja ya Kiislamu yenye duka la vitenge, na nyuma ya duka mke wa mwenye duka anapika pilau ya kuuza baada ya swala. Hakuna kibao wala menyu, unafuata harufu. Migebuka wale kule wanakokaanga mbele yao, na wakiambiwa samaki ni wa leo waulize gari la ziwani limeingia lini. Niliandika pia njia ya kushuka bondeni hadi Mtowisa, kwamba wasimame juu kabisa kabla ya mteremko waitazame Rukwa yote, na kwamba wavue masweta kabla hawajafika chini, maana joto la kule halina utani. Mwisho nikaandika, kwa wino mwekundu, kwamba mtu akitaka chipsi akale kwao.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa tanuru la babu. Naandika haya yote kwa sababu ya ukurasa huo, na kwa sababu ya baba yangu mdogo, mtu aliyenilea, ambaye leo sijui kama bado ninaye.

Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Baba alikuwa na kazi ya reli Tabora, na mtoto wa kike mgonjwa wa kifua hakuwa mzigo wa kubeba mwanamume peke yake, kwa hiyo alinileta kwa mdogo wake kijijini, njia ya kwenda Kate, ingawa hufiki Kate yenyewe. Akakaa siku tatu, akarudi kazini. Baada ya hapo baba akawa mtu wa barua.

Baba mdogo akawa mtu wa kila kitu kingine. Alinipeleka shule kwa baiskeli, alinichemshia majani ya kifua, alinifundisha kutengeneza matuta ya kizamani ya kulimia, yale ya kufukia majani ambayo Wafipa tunayajua. Na alikuwa msemaji. Mtu anayepita njiani alisimamishwa akapewa hadithi kabla ya kupewa maji. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya babu yao, mfua chuma, na tanuru lake la udongo lenye urefu wa watu wawili waliopandiana mabegani. Alisema lipo bado, porini ng'ambo ya kijito, na kwamba majembe ya nusu ya Ufipa yalitoka mle.

Nilimwomba anipeleke. Alinijibu kwamba kuna mwiko. Mwanamke hakaribii tanuru akiwa bado ni wa kuzaa, kwa kuwa chuma kinakasirika na kukataa kutoka. Nikamwambia mimi ni mtoto. Akasema, "Na wewe utazaa, mama." Mwiko huo ni wa kweli, wazee wote wa Ufipa wanaujua, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuutilia shaka. Nikakua nikiuheshimu. Nikawa mwalimu, nikawafundisha watoto wa watu kwamba mababu zetu waliyeyusha chuma, nikachora ubaoni tanuru ambalo sijawahi kuliona kwa macho. Nikazaa wanne. Nikangoja.

Baba alistaafu akabaki huko huko Tabora, akaoa, akazeeka. Alipofiwa na mke wake wa pili alipiga simu akasema anarudi kufia nyumbani. Alisema pia kwamba kabla hajafa anataka kusimama mbele ya tanuru la babu yake, amwombe radhi kwa kuikimbia nchi yake. Ndivyo alivyosema, kuikimbia, na mimi niliyekuwa upande wa pili wa simu nilitamani aongeze, na mtoto wangu. Hakuongeza. Nikajiambia labda atalisema hilo hapo hapo kwenye tanuru.

Baba alipofika, baba mdogo alisema tusubiri kiangazi, porini kumejaa maji. Tulisubiri miezi mitatu. Siku tuliyokwenda, baba mdogo aligeuka akanitazama njiani, akaniambia sasa ruksa, umri umeshapita, chuma hakiwezi tena kukasirika. Tulicheka wote watatu.

Lilikuwa limesimama kwenye uwazi ng'ambo ya kijito, si mbali na uwanja wa nyumba, jekundu, limebonyea upande mmoja, na midomo midogo chini ya kuingizia hewa. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na saba na niliona aibu jinsi nilivyotaka kulikimbilia. Baba alishika fimbo kwa mikono miwili. Alimwaga kimpumu kidogo chini, pombe yetu ya ulezi, kisha akaongea kwa Kifipa, maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema kwa mara moja. Alimwambia babu yake kwamba aliondoka kijana akarudi mzee. Alimwambia kwamba alimwacha mtoto na hakurudi kumchukua, na kwamba mtoto huyo ndiye huyu hapa. Nililia mpaka kilemba kikalowa. Mwaka uliofuata alifariki, na nilimzika nikiwa na amani ambayo watu wengi walioachwa na baba zao hawaipati. Amani hiyo yote niliipata pale.

Kwa hiyo nilipofungua nyumba ya wageni, tanuru likaingia kwenye daftari. Wageni walilipenda kuliko bonde, kuliko hata maporomoko ya Kalambo. Baba mdogo alikuwa akivaa koti lake jeusi, anasimama pale na fimbo, anasimulia. Jirani yake, mama mmoja mchangamfu, aliwapikia wageni ugali wa ulezi na maharage, na uyoga wakati wa mvua. Mimi mara nyingi niliwasindikiza mwenyewe, ingawa nilikuwa nimesikia hadithi ile mara mia, kwa ajili tu ya kumsikiliza mzee akiisema.

Kiangazi kilichopita nilipokea mtu na mke wake kutoka Mbeya. Mwanamume alikuwa fundi mwashi, mpole, mtu wa kusalimia hata paka. Tulifika, baba mdogo akawa bado ndani anavaa koti, mke wa fundi akawa anapiga picha milima. Fundi akalizunguka tanuru polepole. Akaligonga kwa kidole kilichokunjwa, hapa na pale, kama mtu anayechagua chungu sokoni.

"Mwalimu, samahani," akaniambia. "Hili lilichomwa lini mara ya mwisho?"

"Enzi za babu yake baba yangu."

Akaligonga tena. "Mimi kazi yangu ni udongo na tofali. Udongo uliopikwa ukiugonga unalia. Huu haulii." Akaingiza mkono kwenye mdomo mmojawapo, akakwaruza kwa ukucha, unga mwekundu ukamwagika kiganjani. "Ndani ndiko moto unakokaa. Pangekuwa pameiva, pengine pamegeuka kama kioo. Hili halijawahi kuona moto."

Nilimkasirikia yeye kwanza. Nilimwambia kwa sauti ya darasani kwamba mvua za miaka mia zinaweza kulainisha chochote. Akasema, "Inawezekana, mwalimu," kwa heshima kabisa, na heshima ile iliniudhi zaidi kuliko kama angebisha.

Nikaenda jikoni kwa yule mama jirani kujipoza. Alikuwa anageuza maharage. Nikamwambia kwa utani kwamba mgeni wetu anasema tanuru letu ni bichi.

Alicheka. "Ubichi wake mgongo wangu unaujua. Udongo ule niliubeba mimi kutoka kule kwenye kichuguu, na mimba ya huyu wangu wa mwisho, miezi saba. Mzee anatuharakisha, anasema kaka yake anakuja." Halafu akaniona uso. "Mwalimu, kumbe hukujua? Mimi nilidhani mnajua wote nyumbani."

Huyo wa mwisho wake yuko kidato cha pili. Sikuhitaji hesabu nyingine. Lakini kilichonichoma kabla ya yote ni ile mimba. Miaka yote nilizuiwa nisisogee kwa sababu ya tumbo langu, nikatii, nikawafundisha na binti zangu kutii, na kumbe tanuru lenyewe limejengwa na mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, akisimamiwa na mzee yule yule aliyeniambia mwiko.

Nilimkuta baba mdogo chumbani kwake anafunga vifungo vya koti. Sikumsalimia. Nilimwambia kwamba fundi ameligonga tanuru.

Hakukana, hilo nampa. Alikaa kitandani, akafungua tena kifungo alichokuwa amekifunga. "Lilikuwepo," akasema. "Babu hakuwa mwongo. Mwongo ni mimi."

"Liko wapi?"

Akaupiga ukuta nyuma yake kwa kiganja. "Baba yako aliniletea mtoto anayekohoa kwenye nyumba ya nyasi ya chumba kimoja. Usiku unakohoa, moshi umejaa, na mimi sina kitu. Nililivunja. Mapande yake yalikuwa yameshapikwa, magumu kuliko tofali lolote. Yako kwenye msingi, na kwenye ukuta wa chumba chako. Umeyabeba wewe mwenyewe kichwani."

Nilikumbuka. Nilikumbuka yale mawe mekundu yenye weusi upande mmoja, mepesi kuliko mawe, ambayo mimi na watoto wenzangu tuliyabeba kutoka ng'ambo ya kijito tukiimba, na jinsi nilivyofurahi kupata chumba chenye mlango. Nilitaka kubaki na ukweli huo tu. Mtu avunje urithi wa ukoo wake ili mtoto wa kaka yake apumue, utamfanyaje? Kama angeishia hapo, ningepiga magoti nimshike miguu.

Nikamuuliza, "Na baba? Ulimwacha mzee aliyekuja kufia nyumbani aombe radhi kwenye udongo wa juzi?"

Nadhani alitaka kunituliza. Ndiyo maana akasema lile alilosema. "Baba yako alijua. Lile la zamani alilichezea utotoni, angekosaje kujua? Hata mahali sipo. Tulipobaki wawili aliniambia, umeligeuza midomo upande usio wake. Nikamwambia nimekosa. Akasema, mwache mtoto, ameshafurahi, tusimharibie."

Nilisimama pale nikamtazama, na sikuona mzee aliyenilea. Niliona watu wawili wazima wakinipungia mkono kutoka mbali, wanajua kitu, mimi sijui. Kwa hiyo baba alipomwaga ile pombe na kusema maneno yale, hakuwa akisema na babu yake. Alikuwa akiigiza mbele yangu. Kitu kimoja alichonipa maishani, kile cha kusema kwamba aliniacha, alikisema akijua anakisemea kwenye kichuguu kilichosimamishwa, na baadaye wakakubaliana wawili kwamba mimi nisiambiwe. Huenda alimaanisha kila neno. Huenda. Sasa hayupo wa kuulizwa, na huyu aliyepo kila atakachoniambia nitajiuliza kama ni hadithi. Wakasema ni kwa upendo. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na saba, ninaongoza darasa la watoto sabini, lakini kwao nilikuwa wa kuachwa nifurahi.

Baba mdogo alivaa koti lake vizuri, akanipita mlangoni, akatoka nje. Nilimfuata nikidhani anakwenda kukaa kivulini. Hapana. Alikwenda moja kwa moja kwenye tanuru, akaegemea fimbo yake mbele ya mke wa fundi, ambaye alikuwa hajui lolote, akaanza, "Babu yetu alisimama hapa hapa, mama, mahali hapa nilipo." Na aliposema hivyo aliinua macho akanitazama mimi. Nilielewa ananiambia niingie. Ananiita ndani ya uongo wao, tuwe watatu tena, kama ile siku.

"Baba mdogo," nikasema, "nyamaza."

Mfipa hamwambii mzazi wake nyamaza, hata wakiwa peke yao. Mimi nilimwambia mbele ya wageni. Na sikuishia hapo. Niliwaambia yote, kwamba tanuru amelijenga yeye, kwamba halijayeyusha hata msumari, kwamba lile la kweli lilivunjwa na mapande yake yapo kwenye nyumba ile pale. Niliyasema kwa mpangilio mzuri, kwa sauti ya kufika nyuma ya darasa. Fundi aliangalia viatu vyake. Mkewe akashusha simu. Yule mama jirani aliacha kugeuza maharage, tukasikia harufu yakiungua. Baba mdogo aliweka fimbo chini, akaingia ndani.

Ukurasa niliuchana kesho yake. Wageni sasa nawapeleka bondeni na Kalambo, wanakula migebuka yao, wanarudi wameridhika, hakuna anayejua kwamba daftari limepungua. Niliwapigia simu watoto wangu nikawaambia, na wote wanne walisema jambo moja, kwamba babu, yaani baba mdogo, alitaka mema. Nikaona hata hao wanaanza kunipungia mkono kutoka mbali.

Sikwenda kijijini miezi minane. Ulezi ulipovunwa nilishindwa, nikabeba sukari na sabuni, nikapanda gari. Njia nzima nilikuwa natafuta neno. Nilikuwa bado na hasira, sikatai, na leo bado ninayo. Lakini mtu ana wazazi wangapi? Nilidhani nitaingia jikoni kama siku zote, nitachukua kisu, nitaanza kumenya kitu, na katikati ya kumenya mmoja wetu atasema jambo.

Nilimkuta baba mdogo barazani. "Shikamoo baba."

"Marahaba," akasema. "Karibu, mwalimu."

Hajawahi kuniita mwalimu. Tangu nina miaka sita ananiita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. Nikaelekea jikoni, akanizuia kwa mkono, akaniletea kile kiti cha mbao chenye mto, akakipangusa. Nikakaa. Chakula kikaletwa na yule mama jirani, ambaye hakunitazama. Halafu baba mdogo akainuka. Amevuka themanini, kuinuka kwake ni kazi. Alichukua jagi na beseni, akaja hadi mbele yangu, akainama.

Kwetu mtoto wa nyumbani ananawa mwenyewe jikoni. Jagi na beseni ni vya wageni. Na mzee hamnawishi aliye mdogo kwake, labda huyo awe mgonjwa. Nilishika jagi nimpokee, akalishikilia. Maji yalikuwa yananimwagikia gaunini, na hakuachia.

"Nawa, mwalimu," akasema kwa upole. "Wageni wetu tunawanawisha hapa hapa."

Nikanawa. Aliniandalia sahani, akakaa mbali kidogo kama mwenyeji anavyokaa, akaniuliza gari la kurudi mjini linaondoka saa ngapi.